Uharamia wa Baharini: Kwa Nini Usalama wa Meli za Mbali Unamhusu Mwananchi wa Pemba

PEMBA ni kisiwa kinachoishi kwa bahari. Mkondo wa Pemba, wenye upana wa takriban kilomita 50, unakitenganisha na Tanzania Bara, na umbali unaokaribiana na huo unakitenganisha na Unguja. Saruji inayojenga madarasa, mafuta yanayoendesha magari, unga wa ngano na sehemu kubwa ya mchele unaouzwa katika maduka ya Chake Chake, Wete na Mkoani hufika kwa vyombo vya majini. Karafuu, ambazo kwa wingi wake Zanzibar huzipata Pemba, huondoka kwa njia hiyo hiyo kuelekea masoko ya nje.

Kwa msingi huo, taarifa za meli kushambuliwa katika pwani ya Somalia, Ghuba ya Aden au Bahari ya Shamu zinamhusu pia mkaazi wa Pemba. Athari zake humfikia kwa njia mbili: kupitia bei ya bidhaa anazonunua, na kupitia usalama wa mvuvi na baharia anayetoka kwenda kutafuta riziki.

Uharamia ni nini kisheria

Si kila uhalifu unaotendeka baharini huitwa uharamia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika Ibara ya 101, unaeleza kuwa uharamia ni kitendo cha ukatili, uporaji au kuwashikilia watu kinachofanywa kwa maslahi binafsi na watu walio katika chombo kimoja dhidi ya chombo kingine, nje ya mamlaka ya nchi yoyote. Kitendo kama hicho kikitendeka ndani ya maji ya kitaifa, yaani maili 12 za baharini kutoka mstari wa mwambao, huhesabiwa kuwa ni ujambazi wa kutumia silaha baharini, na jukumu la kukishughulikia ni la nchi yenye maji hayo.

Tofauti hiyo ina maana kubwa katika utendaji. Haramia anayekamatwa katika bahari kuu anaweza kukamatwa na manowari ya taifa lolote, lakini jambazi aliyemo ndani ya maji ya Tanzania ni wa vyombo vya ulinzi na mahakama za Tanzania. Mwaka 2010 Sheria ya Kanuni ya Adhabu ilifanyiwa marekebisho ili kuimarisha masharti yanayohusu kosa la uharamia na kuziwezesha mahakama nchini kusikiliza mashauri ya aina hiyo.

Uharamia ulipokaribia visiwani

Kati ya mwaka 2008 na 2012, maharamia waliotoka pwani ya Somalia walivuka mipaka ya bahari yao na kufika kusini kabisa. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Kimataifa la Masuala ya Bahari chini ya Chama cha Wafanyabiashara Duniani, mwaka 2011 pekee yalihesabiwa mashambulizi 237 yaliyohusishwa na maharamia hao, zaidi ya nusu ya matukio yote 439 yaliyoripotiwa duniani mwaka huo.

Baadhi ya matukio yalitokea katika njia ambazo meli hupita zikiwa zimeiacha Pemba upande mmoja. Tarehe 28 Septemba 2010, meli ya shehena ya Asphalt Venture, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Durban, Afrika Kusini, ilitekwa ikiwa umbali wa takriban maili 100 za baharini kusini mashariki mwa Dar es Salaam. Ilikuwa na mabaharia 15, wote raia wa India. Kikombozi kililipwa na meli ikaachiwa mwezi Aprili 2011, lakini maharamia waliwazuia mabaharia 7 kati ya hao. Waliachiwa mwezi Oktoba 2014, baada ya kutengana na familia zao kwa zaidi ya miaka 4.

Mwezi Oktoba 2010 meli ya kubeba gesi, York, ilitekwa mashariki mwa Mombasa muda mfupi baada ya kuondoka katika bandari hiyo, ambayo iko takriban maili 50 tu za baharini kutoka Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba. Mwezi uliofuata, chombo cha Komoro kilichokuwa kikisafiri kuja Dar es Salaam kilitekwa kikiwa na abiria, wakiwamo Watanzania. Na mwezi Oktoba 2011, watu 7 kutoka Somalia walikamatwa baada ya jaribio la kushambulia chombo kilichokuwa kikihudumia kazi za utafutaji wa mafuta na gesi katika bahari ya Tanzania, karibu na Mafia.

Maharamia waliweza kufika mbali kiasi hicho kwa kutumia kile kinachoitwa meli mama. Huteka jahazi au meli ya uvuvi, huwashikilia mabaharia wake, kisha hukitumia chombo hicho kubebea mafuta, chakula, silaha na boti ndogo zenye kasi. Chombo kinapoonekana kwa mbali hufanana na cha wavuvi wa kawaida. Ndiyo maana waathirika wa kwanza wa uharamia mara nyingi ni mabaharia wa majahazi na wavuvi, kabla ya meli kubwa za mizigo.

Gharama hufikaje dukani

Meli inayopita katika eneo lililotangazwa kuwa la hatari hulipa bima ya ziada. Mwenye meli hulazimika pia kuajiri walinzi wenye silaha, kuongeza mwendo na hivyo kuchoma mafuta mengi zaidi, au kuzunguka njia ndefu ili kukwepa eneo hilo. Gharama hizo huingizwa katika nauli ya kontena. Mwagizaji wa bidhaa huzipitisha kwa mfanyabiashara wa jumla, naye humpa muuza duka, na mwisho wa mnyororo huo ni mnunuzi wa kilo moja ya mchele au mfuko mmoja wa saruji.

Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilikadiria kuwa kati ya mwaka 2005 na 2012 maharamia wa Somalia walilipwa vikombozi vya kati ya Dola za Marekani milioni 339 na milioni 413. Hata hivyo, benki hiyo ilikadiria kuwa hasara kwa biashara ya dunia ilikuwa takriban Dola bilioni 18 kwa kila mwaka. Ulinganisho huo unaonesha kwamba fedha aliyoipata haramia ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na mzigo ulioangukia wananchi ambao hawakupata hata kuiona meli iliyotekwa.

Kwa wakaazi wa visiwa mzigo huo huwa mkubwa zaidi, kwa kuwa shehena nyingi za Pemba hupakuliwa kwanza katika bandari nyingine na kupakiwa tena katika vyombo vidogo. Kila hatua ina gharama yake, na ongezeko la mwanzo husafiri na mzigo hadi mwisho wa safari.

Jinsi ulivyodhibitiwa na kwa nini umerejea

Uharamia haukupungua kwa hatua moja. Umoja wa Ulaya ulianzisha Operesheni Atalanta mwezi Desemba 2008, na mataifa mengine yakapeleka manowari zao. Kampuni za meli zilianza kutumia seng'enge pembezoni mwa meli, mipira ya maji yenye nguvu na chumba maalumu ambamo mabaharia hujifungia wakisubiri msaada. Nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizotia saini mwanzo, zilikubaliana juu ya Mwongozo wa Djibouti tarehe 29 Januari 2009. Chini ya mwongozo huo vilianzishwa vituo vitatu vya kubadilishana taarifa: Sana'a, Mombasa na Dar es Salaam. Mwezi Januari 2017 mwongozo ulipanuliwa mjini Jeddah ili uhusishe pia usafirishaji wa dawa za kulevya, silaha na binadamu, pamoja na uvuvi haramu.

Matokeo yalionekana haraka. Mashambulizi yaliyohusishwa na maharamia wa Somalia yalishuka kutoka 237 mwaka 2011 hadi 75 mwaka 2012, na 15 mwaka 2013. Tarehe 1 Januari 2023 jumuiya za wenye meli ziliiondoa Bahari ya Hindi katika orodha yao ya maeneo yenye hatari kubwa.

Utulivu huo haukudumu. Kuanzia mwezi Novemba 2023, mashambulizi ya kundi la Houthi la Yemen katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za meli kuacha kupita Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari inayoongeza siku nyingi na gharama kubwa. Wakati manowari zikielekezwa huko, maharamia walipata nafasi. Mwezi Desemba 2023 waliiteka meli ya Ruen, iliyokombolewa na Jeshi la Wanamaji la India mwezi Machi 2024. Mwezi huo huo wa Machi waliiteka meli ya Abdullah ya Bangladesh, iliyokuwa ikisafirisha makaa ya mawe kutoka Maputo kuelekea Falme za Kiarabu, na kuwashikilia mabaharia wake 23 kwa takriban mwezi mmoja.

Nani analinda maji ya Pemba

Ulinzi wa bahari ni kazi ya taasisi kadhaa. Kamandi ya Jeshi la Wanamaji la Jeshi la Wananchi wa Tanzania ina dhamana ya ulinzi wa mipaka ya baharini ya Jamhuri ya Muungano. Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM, hufanya doria katika maji ya Zanzibar na kushiriki katika uokozi. Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha wanamaji. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar husajili na kukagua vyombo, na Shirika la Bandari Zanzibar husimamia bandari, zikiwamo za Mkoani, Wete na Wesha.

Ulinzi wa bandari unaongozwa na Kanuni za Kimataifa za Ulinzi wa Meli na Bandari, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004 kwa meli za safari za kimataifa na bandari zinazozipokea. Kanuni hizo ndizo chimbuko la uzio, vitambulisho na udhibiti wa wanaoingia gatini. Baadhi ya wananchi huziona taratibu za namna hiyo kuwa ni usumbufu. Hata hivyo, orodha sahihi ya abiria na ukaguzi wa mizigo husaidia kuzuia silaha na magendo, na pia husaidia pale ajali inapotokea. Msiba wa meli ya Spice Islander, iliyozama mwezi Septemba 2011 karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba, uliwafundisha wananchi wa visiwa hivi uzito wa kujua nani na wangapi wamo ndani ya chombo.

Mvuvi ajilinde vipi

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana. Meli zinapokuwa na walinzi wenye silaha, mvuvi anaweza kudhaniwa kuwa ni haramia. Tarehe 15 Februari 2012, askari wa Italia waliokuwa wakiilinda meli ya mafuta ya Enrica Lexie waliwapiga risasi na kuwaua wavuvi wawili wa Kihindi karibu na pwani ya Kerala, wakiamini kuwa ni maharamia. Wavuvi wa Pemba, hususan wa Kojani na maeneo mengine wanaokwenda dago kwa miezi kadhaa mbali na kisiwa, wanapaswa kulizingatia tukio hilo.

Mvuvi anayekutana na meli kubwa anashauriwa kukaa mbali nayo, kutoielekea kwa kasi na kutoifuata kwa nyuma, kwani huo ndio mtindo wa maharamia. Usiku awashe taa. Ikiwa ametega nyavu na meli inazielekea, atoe ishara kwa taa au kwa redio akiwa pale alipo, wala asiifuate meli ili kuizuia. Chombo kiwe kimesajiliwa na namba yake isomeke. Kabla ya kuondoka, nahodha aache taarifa dikoni kuhusu watu aliowachukua, anakokwenda na siku anayotarajia kurejea.

Aidha, wavuvi ndio wanaoijua bahari ya Pemba kuliko yeyote, na chombo kigeni huonwa kwanza na wao. Mambo yanayostahili kutolewa taarifa ni pamoja na jahazi au boti isiyo na zana za uvuvi iliyotulia baharini kwa muda mrefu, boti ndogo yenye injini nyingi na mapipa ya mafuta, ngazi au ndoano ndefu ndani ya boti, na vyombo viwili kuhamishiana mizigo usiku mbali na bandari.

Mwananchi anayeona hali hiyo asikisogelee chombo husika. Akumbuke mahali, saa, rangi ya chombo, idadi ya watu na uelekeo wake, kisha atoe taarifa kwa kituo cha KMKM au cha Polisi kilicho karibu, kwa Sheha wa Shehia yake au kwa kamati ya wavuvi. Mwenye redio ya mawasiliano atumie chaneli ya 16, ambayo husikilizwa na meli na vituo vya uokozi duniani kote, na aliye na simu yenye mtandao apige namba ya dharura 112.