Anayeumia Ni Anayeangusha

Mashabiki wa raga mjini Nakuru wana ubishi wao usiokwisha, na msimu wa mashindano ya Prinsloo Sevens ukifika katika uwanja wa Nakuru Athletic Club, huwaka upya. Wapo wanaoapa kwamba hakuna kikosi kitakachofikia kile cha Nakuru RFC kilichotwaa Kenya Cup mwaka 2013 na 2014, enzi za kina Oscar Ouma na Nelson Oyoo. Wengine huwajibu kwamba vijana wa sasa wa Menengai Oilers wana miili mikubwa zaidi, mazoezi bora zaidi, na wangewasaga wazee hao kipindi cha kwanza tu. Ubishi mtamu, lakini unapogeukia swali la nani alijua kuangusha watu, kila upande hupima ujasiri. Mimi naona kipimo hicho kinapotosha. Kilichobadilika katika raga kwa miaka thelathini hivi ni mahali ambapo bega la mwangushaji hutua kwenye mwili wa mwenzake, na mabadiliko hayo yana gharama ambayo hulipwa zaidi na mwangushaji mwenyewe kuliko aliyebeba mpira.

Mtindo wa kuangusha kwa kugonga juu, kifuani, una historia. Mwaka 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga katika kikao kilichofanyika Huddersfield, zikaanzisha chama ambacho kilikuja kuzaa raga ya wachezaji 13. Katika mchezo huo, timu ikishaangushwa mara sita inapoteza mpira, na mtu akiangushwa hakuna kuupigania mpira chini kama ilivyo katika raga ya wachezaji 15. Kwa hiyo mlinzi wa raga ya 13 hufaidika akimdaka mshambuliaji kifuani, akaufunga mpira usitoke, huku mwenzake akija kumsaidia kumchelewesha kuinuka. Raga ya 15 iliporuhusu wachezaji kulipwa mwaka 1995, timu zake zilikimbilia kuajiri makocha wa ulinzi kutoka upande ule wa pili. Phil Larder aliwafundisha Waingereza waliotwaa Kombe la Dunia mwaka 2003. Shaun Edwards akaenda Wales mwaka 2008. Televisheni ikatuletea kazi yao hadi Bonde la Ufa, na kijana aliyekuwa akifundishwa kuweka shavu kwenye nyonga ya mpinzani na kumfunga miguu akaanza kuona fahari kumgonga mtu kifuani wima kwa wima. Mzee wa 1990 hakuwa mwoga wala shujaa kuliko huyu. Alifundishwa vingine.

Sasa tuangalie ushahidi. Watafiti wa World Rugby, shirikisho linalosimamia mchezo huu duniani, walichunguza mechi 1,516 za kiwango cha juu, wakahesabu matukio 611 ya mchezaji kutolewa ili kichwa chake kipimwe. Matukio 464 kati ya hayo, yaani takriban asilimia 76, yalitokea mtu alipokuwa akiangushwa. Na katika hayo 464, aliyeumia alikuwa mwangushaji mara 335. Anayestahili kuhurumiwa, kwa kawaida, ni yule tunayemshangilia. Watafiti hao waliona pia kwamba mwangushaji aliyesimama wima alikuwa katika hatari karibu mara moja na nusu ya yule aliyeinama kiunoni. Sababu haihitaji darasa la fizikia: watu wawili wakikutana wima, vichwa vyao viko kimo kimoja, na fuvu likikutana na fuvu hakuna msuli wa kupunguza kishindo.

Mchezaji mzoefu atanikatiza hapa. Ukiinama, atasema, unakutana na goti, na goti la mtu wa kilo 110 anayekimbia si mto wa kulalia. Hoja hiyo ina uzito, tena ina ushahidi. Msimu wa 2018-19, Uingereza ilijaribu kushusha kimo cha kuangusha hadi chini ya kwapa katika kombe la klabu za daraja la pili. Jaribio lilisitishwa kabla ya kukamilika kwa sababu visa vya mtikisiko wa ubongo miongoni mwa waangushaji viliongezeka badala ya kupungua. Wapinzani wa mabadiliko hulitaja kama kwamba limefunga mjadala. Mimi nalisoma tofauti. Wachezaji wale walikuwa wamezoea mtindo mmoja kwa miaka, wakapewa sheria mpya katikati ya msimu, na shida ilijitokeza hasa pale mbeba mpira naye alipoinama, vichwa vikakutana tena, safari hii chini. Funzo lake ni kwamba kanuni peke yake haimfundishi mtu kupiga hatua ya mwisho karibu na mpinzani, kuweka kichwa upande sahihi na kuinua macho. Ndiyo maana Ufaransa, baada ya vifo vya wachezaji vijana mwaka 2018, ilishusha kimo hadi kiunoni katika raga ya ridhaa na kuanza upya kufundisha namna ya kuangusha. New Zealand ilikuwa imetangulia tangu 2001 kwa mpango wa RugbySmart, unaowataka makocha wapitie mafunzo ya usalama, na majeraha makubwa ya uti wa mgongo kwenye skramu yakapungua. Afrika Kusini ikafuata na mpango wake wa BokSmart.

Upande mwingine wa pingamizi ni ule wa mashabiki: mkiendelea hivi mtaiua raga, itabaki mchezo wa kupeana mikono. Labda wanasahau kwamba kumfunga mtu miguu akiwa mbioni ni kazi ya nguvu na moyo, na katika raga ya saba, ambapo mlinzi mara nyingi hubaki peke yake na uwanja mzima nyuma yake, ndiyo njia ya uhakika ya kumzuia mtu mwenye kasi. Ukimvaa juu, anakuvuta kando na kupita. Nakubali kwamba mwangushaji wa chini huacha mikono ya mshambuliaji huru kumpasia mwenzake. Hiyo ni hasara ya kweli, na makocha wa ulinzi watalazimika kuitafutia dawa kwa mchezaji wa pili, bila kurudi kifuani.

Kwa Nakuru swali hili lina makali ya pekee. Januari na Februari ardhi ya hapa hukauka ikawa ngumu, kwa hiyo kichwa kilichogongwa hewani hugongwa tena kikianguka. Wengi wanaojifunza raga katikati ya Bonde la Ufa ni wanafunzi wa Njoro, Gilgil na mjini penyewe, na mechi nyingi za shule hazina daktari kando ya uwanja. Mwongozo wa World Rugby kwa raga ya ridhaa unataka anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atoke mara moja, asirudi siku hiyo, na asicheze tena kwa angalau siku 21. Kanuni hiyo haina maana pasipo mtu aliyepewa mamlaka, kabla ya mechi kuanza, ya kumtoa mchezaji nyota hata kama kocha anamtaka. Mwalimu wa michezo aliyefunzwa dalili chache, kama kupepesuka, kuuliza matokeo mara mbili au kutazama bila kuona, anaweza kuifanya kazi hiyo. Mafunzo ya kuinama nayo yanahitaji mfuko wa mazoezi, nyasi na dakika ishirini kila wiki, kiasi ambacho klabu yoyote inayolipia nauli ya timu hadi Nairobi inaweza kumudu.