Mtoto Akiuliza Habari za Siasa

Wazazi wengi husema siasa si mambo ya watoto. Lakini gari la kampeni likipita na vipaza sauti, ni nani hukimbia nyuma yake? Ni hao hao watoto. Na jioni tukizungumza jikoni tukidhani wamelala, wanasikia yote. Siasa wanajifunza tayari, kwa hivyo heri wajifunze kutoka kwetu.

Tuangalie maneno kwanza. Katika Bonde la Ufa neno "madoadoa" limetumiwa kuwaita majirani wa kabila lingine, ati ni watu wa kuondolewa. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Mtoto wa miaka sita hajui mambo ya tume. Akilisikia nyumbani, kesho atamwita mwenzake hivyo pale kisimani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na zaidi ya nusu milioni wakakimbia makwao. Mtoto akiuliza mbona familia fulani haikurudi, tumjibu kwa ufupi na kwa ukweli: watu waligombana juu ya uchaguzi, wakawaumiza majirani, na hilo lilikuwa kosa. Mengine yatangoja akue.

Neno "serikali" ni kubwa kwa mtoto mdogo, lakini zahanati anaijua. Mwambie zahanati na shule ya chekechea ni kazi ya kaunti, na mkuu wa kaunti ni gavana. Shule ya msingi ni ya serikali ya taifa. Hapo ataanza kuona kwamba kiongozi ni mtu mwenye kazi, si mtu wa kabila letu tu.

Kuna mchezo mzuri ambao vikundi vinaweza kujaribu. Watoto wachague kiongozi wa michezo ya Jumamosi. Wagombea wawe wawili, mmoja ni Mahindi na mwingine ni Maharagwe. Kwanza wapige mlolongo nyuma ya yule wanayemtaka. Utaona wengi wakitazama kwanza rafiki yao amesimama wapi. Halafu warudie kwa siri: kila mtoto aende peke yake nyuma ya nyumba, atie punje moja ndani ya kibuyu. Hesabuni kwa sauti mbele ya wote. Mara nyingine matokeo hubadilika, na hapo waulizeni kwa nini.

Watoto wakubwa kidogo waambieni kwamba katika uteuzi wa KANU mwaka 1988 watu wazima walipangwa mlolongo hivyo hivyo. Kila mtu alionekana na jirani na chifu, na kuna mahali mlolongo mfupi ndio uliotangazwa mshindi. Mtoto aliyecheza mchezo huu ataelewa mara moja, pengine kuliko sisi.

Aliyeshindwa apewe kazi, kwa mfano kutunza mpira, asije akanuna na kuondoka na wafuasi wake.

Swali gumu zaidi ni la pesa: "Mama, mbona yule mtu alikupa mia mbili?" Tusimdanganye kwamba ilikuwa zawadi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 humshika anayetoa hongo na anayepokea pia, na mtoto alikuwa amesimama hapo mlangoni akiona.