RUBANI ALIPOKOSEA UWANJA

Wewe unayekaa Buguruni umezoea ndege. Unazisikia zikienda kutua Uwanja wa Julius Nyerere. Hata watoto wetu hawainui tena vichwa kuzitazama. Lakini labda umewahi kujiuliza: kule juu hakuna vituo kama vya daladala. Rubani anajuaje kwamba amefika? Je, anaweza kukosea, akatua uwanja mwingine?

Anaweza. Hapa hapa Tanzania jambo hilo limewahi kutokea. Soma habari hii polepole, kisha mwizungumze darasani.

1. Yaliyotokea Arusha

Tarehe 18 Desemba, 2013, ndege kubwa ya Shirika la Ndege la Ethiopia ilikuwa safarini kutoka Addis Ababa. Ilikuwa aina ya Boeing 767, na ndani yake walikuwamo abiria zaidi ya 200. Ilitakiwa itue Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, ulio kati ya Arusha na Moshi. Uwanja huo watu huuita KIA.

Ndege haikutua KIA. Ilitua uwanja mdogo wa Arusha, ulioko Kisongo. Kutoka KIA mpaka Kisongo ni yapata kilometa 50.

Sasa tazama hatari yake. Njia ya kutulia ndege ya KIA ina urefu wa meta 3,600. Njia ya Kisongo wakati huo ilikuwa na meta 1,620 tu. Haikufika hata nusu. Ilizoea ndege ndogo, kama zile zinazopeleka watalii mbugani. Ndege kubwa inapogusa ardhi huwa ina mwendo mkali kuliko basi lolote. Haiwezi kusimama mara moja.

Marubani walifunga breki. Ndege ilisimama pale njia ilipokwisha, na magurudumu yakaingia kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Lakini hata kushuka kulikuwa na taabu, kwa maana uwanja ule haukuwa na ngazi ya kufikia mlango wa ndege kubwa namna ile. Baadaye ndege ilipunguzwa uzito, ikaruka salama.

2. Kwa nini rubani anakosea?

Usiseme haraka kwamba rubani wa namna hiyo hakusoma. Amesoma sana. Lakini macho ya binadamu yana tabia moja: huona kile yanachokitazamia.

Fikiri juu ya mgeni wako anayekuja kutoka shamba. Umemwambia ashuke Buguruni Malapa. Daladala inafika Buguruni Sokoni. Mgeni anaona watu wengi, anaona maduka, anasikia konda akitaja "Buguruni". Moyoni anasema, "Ndiyo hapa." Anashuka. Alitazamia kuona Buguruni, na Buguruni ameiona. Yeye hasara yake ni kutembea tu kwa miguu.

Rubani naye, hali ya hewa ikiwa nzuri, huweza kutua kwa kutazama kwa macho. Anatazamia kuona njia ndefu ya lami. Mara anaiona njia ya lami mbele yake. Moyoni anasema, "Ndiyo hapa."

3. Namba za njia

Je, dira haimwonyi rubani? Hapa pana jambo la kujifunza.

Kila njia ya ndege ina namba kubwa zilizoandikwa chini kwa rangi. Namba hizo hutoka kwenye dira. Mashariki ni nyuzi 90. Ondoa sifuri ya mwisho, unapata 9, nayo huandikwa 09. Magharibi ni nyuzi 270. Ondoa sifuri, unapata 27. Basi njia inayolala mashariki na magharibi huandikwa 09 ncha moja, na 27 ncha ya pili. Njia kubwa ya Uwanja wa Julius Nyerere ina namba 05 na 23.

Njia ya KIA ni 09 na 27. Njia ya Kisongo nayo ni 09 na 27! Zinalala upande mmoja. Kwa hiyo dira haiwezi kumwambia rubani kwamba amekosea. Inamwambia tu kwamba ameelekea upande unaofaa.

4. Si Tanzania peke yake

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Novemba 2013, ndege kubwa ya mizigo huko Marekani ilikosea uwanja usiku katika mji wa Wichita. Nayo ilitua kwenye njia fupi. Tarehe 4 Aprili, 2021, ndege ya mizigo ilitakiwa kutua Ndola, Zambia. Ilitua uwanja mpya uliokuwa bado unajengwa.

5. Kinga yake

Kinga ya kwanza ni kutoamini macho peke yake. Ndege ina vyombo vinavyoonyesha umbali uliobaki. Ikiwa macho yanasema "tumefika", na chombo kinasema "bado kilometa 50", basi kimoja kimekosea. Rubani asibahatishe. Apande tena juu, azunguke, ahakikishe.

Kinga ya pili ni kusema. Ndege kubwa huwa na marubani wawili. Mmoja anaendesha, wa pili anaangalia. Huyu wa pili akiona shaka, hata kama ni mdogo kwa cheo, lazima aseme. Akinyamaza kwa heshima, watu wote wamo hatarini.

Ndugu msomaji, wewe huendeshi ndege. Lakini nyumbani unazo chupa mbili zinazofanana, moja ya dawa ya mtoto, nyingine ya dawa ya mende. Usiku taa imezimika, mkono unasema, "Ndiyo hii." Usiuamini mkono. Washa taa, usome. Na jirani akikuambia, "Mama Fulani, tazama tena," usikasirike. Tazama tena.

Maswali ya mazungumzo

1. Ndege ya Ethiopia ilitakiwa kutua wapi? Ilitua wapi?
2. Njia ya KIA ilizidi njia ya Kisongo kwa meta ngapi?
3. Chukua 9, ongeza 18. Chukua 5, ongeza 18. Unaona nini ukilinganisha na namba za njia?
4. Kwa nini dira peke yake haikutosha?
5. Je, umewahi kuona kosa, ukanyamaza kwa kumheshimu mkubwa? Ilikuwaje?