Ukumbusho na Majina: Habari za Uwanja wa Boston

Neno ukumbusho latokana na kukumbusha, wala si kukumbuka. Tofauti hii ni ndogo kwa sauti, lakini ni kubwa kwa maana. Akumbukaye ni mtu. Jiwe halikumbuki neno lo lote, ila humkumbusha apitaye. Basi, yampasa aliyelisimamisha ajiulize: je, apitaye atakumbushwa jambo gani, na habari za nani? Yako na maneno mengine yaliyo jirani na hili, nayo yafaa kupambanuliwa. Mnara asili yake ni Kiarabu, maana yake mahali pa nuru. Sanamu nalo lilitoka katika neno la Kiarabu la kinyago kiabudiwacho, na maana hiyo yakaa hata sasa katika tafsiri za Biblia. Kwa hiyo si kila sanamu ni ukumbusho, wala si kila ukumbusho ni sanamu.

Na tutwae mfano katika mji wa Boston, nchi ya Marekani. Katikati ya mji huo upo uwanja uitwao Boston Common, upatao eka 50, ambao wenyeji waliutenga tangu mwaka 1634 uwe mali ya watu wote. Hapo ng'ombe walilishwa hata mwaka 1830, na askari walifanya mazoezi yao. Baadaye ukawa bustani ya kupumzikia, na ukumbusho mwingi ukasimamishwa humo: mwaka 1877 nguzo ya askari na mabaharia, na mwaka 1888 nguzo ya watu waliouawa kwa risasi za askari wa Kiingereza mwaka 1770, ambao mmoja wao alikuwa Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika.

Lakini ulio na mafundisho zaidi ni ule ulio ukingoni mwa uwanja, uelekeao nyumba ya serikali. Katika vita vya Wamarekani wao kwa wao vya mwaka 1861 hata 1865, jimbo la Massachusetts liliunda kikosi cha 54, ambacho askari wake walikuwa watu weusi na kiongozi wao alikuwa kijana mweupe, Robert Gould Shaw. Askari weupe walilipwa dola 13 kwa mwezi. Hawa waliambiwa watapewa dola 10, na katika hizo zikatwe 3 za mavazi. Walikataa kupokea mshahara huo pungufu, nao wakaendelea kupigana pasipo malipo, hata serikali ilipowapa haki yao mwaka 1864. Tarehe 18 Julai 1863 waliishambulia ngome ya Wagner, katika South Carolina, na wengi wakaanguka. Shaw naye aliuawa, na adui wakamzika katika shimo moja pamoja na askari wake. Baba yake hakutaka mwili uhamishwe. Aliona kwamba hapo ndipo pamfaapo mwanawe.

Fundi Augustus Saint-Gaudens alifanya kazi ya ukumbusho huo yapata miaka 14, na mwaka 1897 ukafunuliwa. Juu ya bamba la shaba Shaw amepanda farasi, na askari weusi wanakwenda kwa miguu kando yake, kila mmoja na uso wake, kwa maana fundi aliwatazama watu hai alipokuwa akizichonga nyuso hizo. Walakini, nyuma ya jiwe yaliandikwa majina ya maofisa weupe waliokufa, na ya askari weusi hayakuandikwa. Hivyo watu wale walikuwa na nyuso bila majina. Hata mwaka 1982 ndipo majina ya askari 64 waliokufa Wagner yalipoongezwa.

Nasi tusidhani kwamba jambo hili ni la ng'ambo tu. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, sanamu za askari zilisimamishwa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Maandishi yake, ambayo Kiswahili kimo, yawasifu askari na wapagazi kwa jumla, lakini hayamtaji hata mmoja wao kwa jina. Wapagazi waliacha jina la kundi lao katika mtaa wa Kariakoo. Majina yao wenyewe hayakuandikwa hapo.

Kwa desturi za makabila yetu mengi mjukuu hupewa jina la babu, ili jina lisipotee pamoja na mwili. Wazee wetu walijua kwamba aliyetajwa hajapotea kabisa. Basi, mwalimu atakapoulizwa na watu wa mji wake namna ya kufanya ukumbusho, na aanze na daftari kabla ya jiwe: awaulize wazee majina ya waliokufa, na ayaandike sawasawa, maana jiwe laweza kungoja, lakini wazee hawangoji.