Nani Aliyemimina Maji Tumboni mwa Trekta?

Njooni, wapwa wangu, kaeni hapa chini ya mwembe. Leo anayesema si mimi. Anayesema ni trekta mzee, aliye shambani ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, hapa Kisangani.

"Koho, koho!" anasema trekta. "Tumbo linaniuma. Nimekunywa maji."

"Maji?" unauliza. "Mjomba, si tulimpa mazutu tu? Nani alimpa maji?"

Ah, hilo ni swali la mtu mzima! Madereva wengi hawajiulizi mpaka injini imezimika katikati ya shamba.

Mama akipika lituma, funua sufuria utazame kifuniko. Kina nini? Matone. Nani aliyamimina pale? Hakuna. Mvuke ulipanda, ukagusa bati lililo baridi kuliko wenyewe, ukageuka maji.

Tangi la trekta nalo ni sufuria. Ukiliacha nusu, ile nusu ya juu si tupu, ina hewa. Na hewa ya Kisangani ni hewa yenye mvuke mwingi: ikweta iko karibu, msitu uko pande zote, na kwa mwaka mvua hufika milimita 1,800 hivi. Usiku bati linapoa. Tone moja, tone jingine. Maji huenda chini, mazutu hukaa juu.

"Kwa nini, mjomba?"

Lita ya maji ni kilo moja. Lita ya mazutu ni gramu 840 hivi. Umeona mawese yanavyoelea juu ya mchuzi wa sombe? Ni vilevile.

Huko chini maji yanakutana na chuma. Panga lililolala uani kwenye mvua huamka na nini? Kutu! Ule unga mwekundu hushuka kwenye mrija, huziba chujio, na ukipenya hufika kwenye pampu ya sindano, ambamo nafasi kati ya chuma na chuma ni nyembamba kuliko unywele wako.

Tena kuna wageni. Ni vijidudu vinavyoishi mpakani, miguu kwenye maji, mdomo kwenye mazutu. Vinakula, vinaacha utelezi, na uchafu wao mchachu unatafuna chuma.

"Basi tumtibuje?" Safi sana, mwanangu! Jioni, kazi ikiisha, mjazeni mazutu, ila msifike mdomoni, maana jua la mchana hutanua mazutu. Asubuhi, kabla ya kumwasha, legezeni kizibo kilicho chini ya chujio. Maji huenda chini, kwa hiyo ndiyo yatakayotoka kwanza. Kingeni kwa kopo, msimwage ardhini. Yakianza kutoka mazutu matupu, fungeni.

Lakini kusema kweli, matone ya usiku ni mwizi mdogo. Mwizi mkubwa yuko kwenye pipa. Mazutu yanayopanda mto kutoka Kinshasa husafiri kilomita 1,700 hivi, halafu pipa linasimamishwa uani, mvua inalinyeshea. Kifuniko chake kina ukingo kama sahani, maji yanatuama juu. Mchana pipa linapata joto na kutoa pumzi. Usiku linapoa na kuvuta pumzi. Likivuta, linavuta nini? Yale maji ya kwenye sahani, kupitia kizibo kilicholegea!

Kwa hiyo pipa liingie chini ya paa. Kama paa hakuna, lilazwe ubavu, vizibo viwili viwe usawa mmoja, kushoto na kulia, ili mazutu yavifunike kwa ndani. Siku ya kuchota, lisimamishwe na lipumzike siku nzima. Mrija wa kuvutia usiguse chini kabisa. Mnakumbuka kwa nini? Maji huenda chini!

Trekta mzee ana kikombe cha kioo chini ya chujio lake. Kesho asubuhi mwombeni dereva awaonyeshe. Mkiona mstari umekata katikati ya kikombe, kilicho chini ya mstari ni maji.