Utangulizi: Tundu Dogo Nyuma ya Shavu

Ukirudi Kakamega kutoka Nairobi kwa basi linalopitia Eldoret, maliza maji ya chupa yako mkifika Timboroa, kisha ukaze kizibo. Ukishuka mjini, itoe mkobani. Utaikuta imebonyea mbavu, na hakuna aliyeikalia. Timboroa ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Hapa Shirere, Kakamega, ni kama 1,500. Hewa uliyoifungia kule ni haba kuliko hii ya huku chini, kwa hiyo hii inaiminya chupa hadi shinikizo la ndani na la nje likaribiane. Kanuni yenyewe ilichapishwa na Robert Boyle mwaka 1662, na kila aliyesoma fizikia sekondari aliwahi kuikariri kwa ajili ya mtihani.

Kichwani mwako mna chupa kama hiyo, tena si moja. Ndiyo sababu nakukaribisha katika tiba ya anga, taaluma ambayo wengi wetu huiona ni ya watu wa Nairobi wenye mistari ya dhahabu mabegani. Nimechagua kuingia kwa swali moja ambalo wagonjwa huliuliza hata huku kwetu: mtu aking'olewa gego la mwisho, au akifanyiwa upasuaji wa sainasi, atapanda ndege lini?

Sainasi ni nafasi za hewa ndani ya mifupa ya uso. Kubwa kuliko zote ziko nyuma ya mashavu, kila moja ikibeba takriban mililita 15 za hewa kwa mtu mzima. Hewa huingia na kutoka kupitia tundu la milimita chache linalofungukia puani, na la ajabu ni kwamba tundu hilo liko juu, karibu na dari, wala si chini ambako ute ungejitokea wenyewe. Vinyweleo visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyousukuma ute upande mpaka hapo. Tundu likivimba kwa mafua, kwa mzio au kwa kisu cha daktari, hewa imefungiwa.

Sakafu ya sainasi ya shavu nayo ndiyo paa la magego ya juu. Kwa baadhi ya watu mizizi ya gego la mwisho imetengwa na sainasi kwa mfupa mwembamba sana, na kwa wengine hakuna mfupa kabisa, ni utando tu. Mwaka 1651, kabla Boyle hajaandika kanuni yake, tabibu Mwingereza Nathaniel Highmore alisimulia kisa cha bibi mmoja aliyeng'olewa jino la juu, na tangu siku hiyo majimaji hayakukoma kumtoka penye pengo. Bibi yule, akitaka kujua yanatoka wapi, alichomeka kijiti cha fedha, kikazama. Akachukua unyoya, nao ukaingia karibu wote. Akashikwa na hofu kwamba amefika kwenye ubongo. Highmore alimtuliza: unyoya ulikuwa umejikunja tu ndani ya uwazi wa shavu. Kwa karne nyingi madaktari wakauita uwazi huo kwa jina la Highmore. Kwa maoni yangu jina lilimstahili zaidi bibi, maana utafiti aliufanya yeye.

Upande wa anga, mmoja wa wagonjwa wa mwanzo tunaowajua alikuwa mwanafizikia. Tarehe 1 Desemba 1783 Jacques Charles alipaa jijini Paris kwa puto la haidrojeni pamoja na mwenzake. Walipotua, mwenzake akashuka, Charles akapaa tena peke yake. Puto lililopungukiwa mzigo lilimrusha kwa kasi hadi karibu mita 3,000, na sikio likamuuma vibaya hata akalazimika kuteremka. Hakupaa tena maishani mwake. Ndiye Charles yule yule wa kanuni nyingine ya gesi, ile ya joto na ujazo.

Sasa turudi nyumbani na tarakimu. Ndege ya abiria ikiruka mita 11,000 haiwaachii abiria hewa ya huko nje. Mitambo hujaza hewa kwenye kabini ili hali ya ndani isizidi ile ya mlima wa mita 2,440 hivi. Kwa maneno mengine, kabini iko chini ya Timboroa, na mama anayepeleka ndizi Eldoret na kuendelea Nakuru kwa basi hupanda juu kuliko abiria wa ndege ya London. Kinachotofautiana ni mwendo. Basi huteremka kwa saa kadhaa, kabini huteremka kwa dakika ishirini na kitu.

Shinikizo la hewa hapa Shirere ni kama kilopaskali 84. Ndani ya kabini ni 75, Nairobi 83, Kisumu 88, Mombasa 101. Lita moja ya hewa iliyofungiwa kabini inapokuwa juu kabisa itabaki mililita 850 ndege ikitua Kisumu, na 740 ikitua Mombasa. Wakati wa kupaa hewa hutanuka na mara nyingi hujitafutia njia ya kutoka. Kushuka ndiko kwenye shida, kwa kuwa utando uliovimba hunyonywa kuelekea ndani ya tundu na kuliziba, na sainasi iliyobaki na upungufu wa hewa huanza kuvuta majimaji na hata damu kutoka kwenye kuta zake. Maumivu yake huelezwa kama kuchomwa juu ya jicho au ndani ya shavu. Jino lenye ubovu kwa kawaida huwa kinyume: huuma ndege ikipaa. Madaktari wa jeshi walikutana sana na maumivu hayo wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege zilipokuwa zikipaa juu bila kabini ya kuhifadhi shinikizo, na hadi leo swali la kwanza kwa mgonjwa ni "yalianza mkipaa au mkishuka?"

Kwa hiyo safari ya Mombasa ni mtihani mkali kuliko ya Nairobi, ingawa tiketi zote mbili ni za ndani ya nchi. Na wanaodhani ndege ndogo ni nafuu kwa mgonjwa wamekosea. Cessna ya kawaida inayoruka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, haina kabini iliyojazwa hewa. Rubani akivuka kingo za Bonde la Ufa kwenye mita 3,000 na ushee, kichwa chake nacho kiko mita 3,000 na ushee.

Upasuaji wenyewe umebadilika. Caldwell wa New York mwaka 1893 na Luc wa Paris mwaka 1897 waliingia kwenye sainasi kwa kutoboa mfupa juu ya meno, wakafungua na njia mpya ya chini ili ute utoke. Baadaye Messerklinger, huko Graz, Austria, alionyesha kwamba vinyweleo havijali njia ya chini. Vinaendelea kuupeleka ute kwenye tundu la asili. Hapo ndipo ulipoanzia upasuaji wa leo, wa kamera nyembamba inayopitishwa puani, ambao lengo lake ni kulipanua tundu lile lile. Ukipona vizuri, huenda ukaruka kwa raha kuliko ulivyokuwa kabla ya kupasuliwa.

Lakini mpaka upone. Abiria wengi huambiwa wangoje wiki moja au mbili baada ya upasuaji wa sainasi, na siku chache baada ya jino lililong'oka bila matata. Sizipingi siku hizo, ila kalenda haioni ndani ya pua. Ukinywa maji, je, yanatokea puani? Ukitoa pumzi, unasikia hewa ikipita penye pengo la gego? Basi kuna njia kati ya kinywa na sainasi, kama ya yule bibi wa Highmore, na ndege ingoje hadi njia hiyo izibike. Kwa muda huo usipenge kamasi, piga chafya mdomo ukiwa wazi, weka kando mrija wa soda na sigara. Ile desturi ya kubana pua na kusukuma hewa masikio yazibuke nayo iache, kwani inasukuma hewa mahali palipo na kidonda. Meza mate au tafuna kitu. Gego la chini halina ujirani na sainasi. Aliyeng'olewa hilo aogope zaidi kutokwa damu, na donge la damu kutoka kwenye shimo kabla ya wakati wake.

Kwa rubani mambo ni mazito zaidi, na sura ndefu kuliko zote humu ni yake. Sheria za kimataifa za usafiri wa anga, zinazosimamiwa hapa nchini na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, zinamkataza kuruka anapojua kwamba afya yake imepungua, hata kama cheti chake cha daktari hakijaisha muda. Dawa za maumivu zenye kodeini zinamzuia. Nusukaputi inamzuia, kwa kawaida si chini ya saa 48. Najua kinachowafanya wengine wanyamaze: kusimama kazini ni kusimama mshahara, na daktari mkaguzi huonekana kama askari wa barabarani. Naona lawama kubwa ni yetu sisi madaktari, tunaoandika neno "hafai" bila kumweleza mtu ni lini na kwa kipimo gani atafaa tena.

Sura ya kwanza ni ya hewa, ya pili ni ya sikio, ya tatu ni ya sainasi na meno. Aliyepasuliwa juzi, tayari ana tiketi ya Mombasa, aanze na ya tatu, kisha ampigie simu aliyempasua kabla ya kufunga mizigo.