Nuru ya Picha na Huzuni ya Kuondoka Nyumbani

Leo nataka tuzungumze habari za picha. Katika nyumba nyingi kuna picha ya mtu aliyesafiri: kijana aliyekwenda shule ya mbali, au baba aliyekwenda kutafuta kazi. Twaitazama, na moyo wahuzunika, wala hatujui ni kitu gani katika karatasi ile kituhuzunishacho. Mara nyingi si uso wa mtu, bali ni nuru.

Kamera ni kisanduku cheusi chenye tundu. Katika kamera ya filamu, nuru hupenya tunduni na kuigusa filamu iliyopakwa dawa. Picha ikiisha kusafishwa, palipoangazwa sana huonekana peupe, na palipokosa nuru hubaki peusi. Basi mpiga picha hana wino mwingine ila mwangaza na kivuli.

Saa sita mchana jua liko utosini. Vivuli ni vifupi, na macho ya watu huzama gizani chini ya paji la uso. Lakini alfajiri ikiisha pita, ndipo wasafiri wengi waondokapo, jua lingali chini, na kila kivuli ni kirefu. Msafiri akilielekea jua, kivuli chake hulala nyuma yake kwenye njia ya nyumbani, kana kwamba chakataa kwenda. Na kama jua li nyuma ya mtu apigwaye picha, uso wake huwa mweusi. Hatujui kama alia au acheka; twaona umbo tu, nasi twalijaza huzuni yetu wenyewe.

Mimi nilipoondoka kwetu kwenda chuoni, nilipigwa picha ya namna hiyo mlangoni, na uso wangu haukuonekana hata kidogo. Baadaye nilimpelekea mama picha nyingine, safi kabisa. Hakuitundika. Alisema, “Hii ni picha ya mwalimu. Ile ni picha ya mwanangu akiondoka.”

Sasa nitawapa mfano mmoja mashuhuri. Mwaka 1907 Alfred Stieglitz, mpiga picha wa Marekani, alikuwa abiria katika merikebu iitwayo Kaiser Wilhelm II. Siku moja alitazama chini, mahali pa abiria wa nauli ndogo, akaona mambo yaliyomshika moyo. Alikimbia chumbani kuleta kamera yake, naye alikuwa amebakiwa na kioo kimoja tu cha kupigia picha. Picha ile yaitwa “The Steerage”.

Katikati yake pamepita daraja jeupe, limeangazwa na jua, wala hapana mtu juu yake. Juu wamesimama watu, na kofia ya mmoja, ya majani makavu, yang’aa kama sahani. Chini wamesongamana wanawake na watoto, na shuka ya mmoja imeshika nuru kati ya vivuli. Daraja lile jeupe lawatenga watu wa juu na wa chini. Hapana aliaye, lakini twaona jinsi walivyo mbali na kwao.

Watu wengi wakiiona husema, “Hawa ni wageni wawasilio Marekani.” La! Merikebu ile ilikuwa imetoka New York, yaelekea Ulaya. Waliokuwamo walikuwa wakiiacha Marekani, wala si kuifikia. Nuru imetueleza upweke wa safari, lakini haikutueleza njia ielekeayo.

Kwa hiyo, wasikilizaji wangu, mpigapo picha ya mtu aondokaye, msimsukume juani mchana ili aonekane vizuri tu. Ngojeni asubuhi au jioni, mkatazame kivuli chake kinaangukia wapi. Kisha andikeni nyuma ya picha jina lake, siku ile, na mahali aendako. Nuru itawatunzia wajukuu wenu huzuni ya siku ile. Habari zake hapana budi mziandike kwa mikono yenu.

Kwaherini.